Mama, Bandika Ndizi

Jumanne, 5 Novemba

Studio tena. Zamu yangu ilikuwa baada ya Hamisi. Utaratibu ni uleule: Madam Lyimo anawasha mechi kwenye runinga, anazima sauti, sisi tunatangaza. Kisha tunasikilizishwa tulichofanya, darasa zima likiwa limekaa. Ni kufuliwa chupi hadharani.

Mimi sikuja hapa kutangaza. Nilikuja kusoma uandishi wa habari za michezo, na kwa uandishi nilimaanisha kalamu. Ripoti ya mechi, makala, uchambuzi. Kazi ya mtu anayekaa kona ya jukwaa na kunyamaza. Lakini mwaka wa tatu utangazaji ni lazima, hakuna pa kukwepea.

Nikavaa hedifoni kusikiliza rekodi yangu. Nikamsikia Gody.

Sisemi nilimkumbuka. Nilimsikia. Anavyovuta pumzi winga akijiandaa kupiga krosi. Anavyoliburuta jina la kipa. Kaka yangu amezikwa kihambani, shamba la ukoo wetu, Mwika, tangu Machi, na leo alikuwa masikioni mwangu akitangaza mechi ya Ulaya.

Madam akasimamisha rekodi, akaniuliza sauti hii nilikuwa nimeificha wapi siku zote. Darasa likapiga makofi. Nikaenda kunawa uso. Kioo cha chooni kimepasuka, kwa hiyo sikujiona vizuri. Afadhali.

Ijumaa, 8 Novemba

Tumerudia. Ni yeye.

Niandike basi, maana sijawahi. Godlisten, kifungua mimba wa Mama. Mpagazi wa mlimani, msimu wa wageni ukiwepo. Msimu ukiisha, mtangazaji wa uwanja wa kijiji, bila kuajiriwa na mtu. Alianza na kipaza sauti cha betri cha kanisani, baadaye vijana wakatafuta spika na jenereta. Hakusomea popote. Alimjua kila mchezaji, na baba yake, na ng'ombe wao. Ukikosa goli la wazi unatajwa wewe na bibi aliyekulea.

Uwanja uko bondeni. Nyumba yetu iko juu yake, katikati ni migomba tu. Alichosema Gody kilipanda moja kwa moja hadi jikoni kwa Mama. Na mechi ikikaribia kwisha alikuwa na mtindo wake. Anauacha mpira, anasema: "Mama, bandika ndizi, tumebakiza dakika kumi." Uwanja mzima unaitikia: "Bandika!" Wengine walikuja kwa ajili ya hilo kuliko mpira wenyewe. Mama alilalamika kila wiki kwamba anaaibishwa. Na ndizi alibandika.

Machi alipanda na wageni huku anakohoa. Alisema ni mafua. Wenzake wakamshusha kwa machela, na alipofika geti la hifadhi alikuwa ameshakata roho.

Mimi sauti yangu ilikuwa nyembamba. Kwenye kwaya ya vijana niliwekwa nyuma, nifungue mdomo tu. Hii sijui imeingia lini.

Jumatano, 13 Novemba

Nimepiga simu nyumbani. Amepokea Aneth, mdogo wangu. Mama anakamua.

Juzi nilipopiga Mama alikuwa anachuma kahawa. Kabla ya hapo alikuwa jumuiya. Kabla ya hapo anakamua. Tuna ng'ombe mmoja. Huyo ng'ombe anakamuliwa kutwa?

Tangu Gody afariki sijaongea na Mama kwenye simu hata mara moja. Nikienda nyumbani tunaongea vizuri, ananipikia, ananiuliza kama nakula. Kwenye simu hapatikani. Nadhani amenikasirikia. Mwanaume aliyebaki ni mimi, na badala ya kukaa na kihamba nimerudi chuo kujifunza kusimulia mpira. Angenitukana ningeshukuru. Lakini sisi Wachagga tukikasirika tunafanya kazi.

Jumapili, 17 Novemba

Nimelala mchana baada ya ibada. Nimeamka Hamisi amesimama karibu na kitanda, nguo mbichi mkononi, hajaanika.

"Oya mwanangu, unazingua. Ulikuwa unatangaza."

Nikamwambia ni mitihani. Akasema hapana, nilitangaza Kichagga. Hamisi ni wa Tanga, Kichagga hajui hata salamu, kwa hiyo hawezi kunieleza nilisema nini. Alichoweza kunieleza ni kwamba nilisema, nikanyamaza na mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Kisha nikasema tena.

Alicheka alipokuwa anahadithia. Lakini jioni nimeona amegeuza kitanda chake, sasa kichwa kiko upande wa mlango.

Alhamisi, 21 Novemba

Madam ametoa mtihani wa vitendo. Kila mmoja atatangaza mechi nzima, moja kwa moja, kwa spika, mbele ya watu wa kwao. Kwao, si pengine. Anasema mtangazaji asiyemjua mama wa mchezaji anatangaza namba za jezi. Wa mbali wataleta rekodi. Wa huku mlimani atawafuata mwenyewe, maana Krismasi yuko kwao Marangu.

Mimi nimepangiwa siku moja baada ya Krismasi. Mechi ya kila mwaka: vijana wa kijiji chetu na wageni kutoka Mabogini. Mechi ya Gody.

Atakayefanya vizuri anapelekwa mazoezi ya kazi kwenye redio moja hapa mjini, upande wa utangazaji wa mpira. Nafasi ni moja. Madam alinitazama mimi alipokuwa anasema.

Naitaka. Niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma. Naitaka kuliko nilivyotaka kuja chuo. Na hilo ndilo linaloniogopesha, maana Elia ninayemjua mimi hajawahi kutaka maiki.

Jumamosi, 23 Novemba

Nyumbani, kuchuma kahawa ya mwisho. Mama ni yuleyule. Kanipikia mtori, kasema nimekonda, kaniuliza kama Hamisi anaomba kabla ya kula. Nimetafuta hasira usoni mwake sikuiona.

Mchana Mama alipokwenda mfongoni, kwenye mfereji, kuona kama maji yamefika, nikambana Aneth kwenye mibuni. Kwa nini Mama hapokei simu yangu. Alizungukazunguka, akanikwepa, mwisho akasema.

Ilikuwa Aprili. Nilipiga, Mama akapokea mwenyewe, nikasema shikamoo Mama. Basi. Hakujibu. Simu ilimtoka ikaingia kwenye ndoo ya maziwa. Nakumbuka siku ile, nilidhani ni mtandao. Aneth anasema Mama alitoka jikoni akaenda kaburini, akakaa huko mpaka ng'ombe akaanza kulia njaa. Aliporudi alisema neno moja: "Simu ina Gody." Tangu siku hiyo haigusi. Ikilia anatoka nje.

Nikamuuliza Aneth, mbona tukiwa naye hapa anaongea na mimi.

"Anakuona uso, kaka. Simu haina uso."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa Mama yangu, ung'ongo ni mimi.

Nimejaza debe langu bila kusema tena. Nilikuwa nawaza spika. Spika nayo haina uso, na inafika hadi jikoni.

Jumanne, 26 Novemba

Nimekwenda ofisini kwa Madam kuomba nibadilishiwe uwanja. Sikusema sababu. Nilisema Mabogini nina marafiki. Madam alinisikiliza huku anamenya chungwa, akasema sawa, Jumamosi wana mechi ya kujipima, twende nikutazame huko kwanza.

Kabla sijatoka aliniambia nimeongea naye dakika zote zile kwa kunong'ona. Sikuwa nimegundua.

Jumamosi, 30 Novemba

Mabogini. Uwanja umepakana na majaruba ya mpunga, mpira ukitoka unaingia kwenye maji. Joto. Watu wengi mwanzoni.

Nilikwenda na sauti nyingine. Nimeitengeneza wiki nzima bafuni: nyembamba, ya puani, inayokwenda sawasawa. Nikatangaza nayo. Pasi kwa namba nne. Namba nne kwa namba sita. Kufika mapumziko watu wameshachoka, wanawake wamerudi kuamia ndege kwenye mpunga. Mzee mmoja aliniomba nizime ili asikie mpira.

Kipindi cha pili beki wao alimpiga chenga straika wa wageni, akampiga tena, nikajisahau. Sijui ilikuwa muda gani. Nilichoona ni watu kuinuka na kusogea kwenye mstari. Halafu nikajisikia, nikafunga mdomo, nikarudi puani.

Madam hakunizungusha. Alisema nimesoma matangazo ya kanisani, isipokuwa dakika moja. Akaniuliza ile dakika moja naiogopa nini.

Nikamwambia yote. Nimesimama kwenye tope nikamwambia. Kisha akasema ninaweza kuachana na utangazaji, niandike tasnifu, nitafaulu tu, ila redioni sitakwenda. Au nitangaze kwetu. Hawezi kuniamulia. "Hilo ni la kwako na mama yako, mdogo wangu." Hajawahi kuniita hivyo.

Jumatano, 4 Desemba

Leo mgahawani karibu na stendi niliagiza chai na chapati. Mtu wa meza ya jirani akaweka kikombe chini, akageuka. Mpagazi, ana zile buti na uso ulioungua na jua la juu. Akaniuliza mimi ni nani wa Gody.

Sikuwa nimesema kitu kingine. Chai na chapati.

Alikuwa mmoja wa waliomshusha. Alianza kusimulia kabla sijamwomba. Anasema Gody alikuwa kwenye machela, hawezi kuinua mkono, na anawatangaza. Njia yote. Nani anateleza, nani anavuta upande wake, nani jana alikula ugali wa watu wawili na leo habebi. Waliobeba walikuwa wanalia na kucheka. Sauti ilipungua, ikawa ya kunong'ona, aliyekuwa upande wa kichwa ndiye aliyebaki anamsikia. Aliyekuwa upande wa kichwa ni yeye huyu.

Sikumuuliza Gody alimalizia na nini. Anajua, nilimwona anajua, na alikuwa anasubiri nimuulize. Nikalipa nikaacha chapati mezani.

Jumanne, 10 Desemba

Mlima umekaa wazi siku nzima. Kila mtu anaupiga picha. Nimefunga pazia.

Jumamosi, 14 Desemba

Siwezi tena kuongea kwa sauti yangu ya zamani. Nimejaribu. Inatoka kama ya mtu anayemwigiza mtoto. Hamisi anasema nimekua tu, balehe imenichelewa. Nikamwambia nina miaka ishirini na mbili. Akasema Wachagga kila kitu mnakichelewesha isipokuwa duka.

Nimecheka. Na kicheko ni cha Gody.

Jumapili, 22 Desemba

Nyumbani tangu juzi. Njia zimejaa magari ya waliotoka Dar, kila kihamba kina mbuzi amefungwa. Kaburi la Gody Mama amelifagia na kulizungushia maua. Ni Krismasi ya kwanza bila yeye na hakuna anayelisema.

Leo baada ya ibada nimefanya nililolipanga. Nikaenda mpakani mwa shamba, nikakata isale. Nikaifunga fundo kama nilivyomwona Baba akifanya zamani, alipokosana na ndugu yake. Huku kwetu ukipelekewa isale umeshafungwa, lazima usamehe. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo.

Mama alikuwa jikoni anapepeta maharage. Nikapiga magoti, nikaiweka mapajani kwake.

Aliitazama muda mrefu. Akasema isale ni ya mwenye kosa, mimi nimekosa nini.

Nikasema, sauti.

Nilisema kwa kunong'ona, lakini nyumba ya jikoni ni ndogo. Akafumba macho. Kisha akainuka na ungo wake, jani likaanguka kwenye majivu, akaenda kumpa ng'ombe majani. Hakukataa wala hakupokea. Sijui kama kuna kanuni ya hilo. Nimeiokota nikaiweka juu ya benchi. Jioni haikuwepo.

Jumanne, 24 Desemba

Kocha wa kijiji amekuja na maneno. Spika zipo, jenereta limejaribiwa, nitatangaza au hapana. Anasema uwanja umekuwa bubu mwaka mzima, watu wanacheza kama wako msibani.

Mama alikuwa anapita na ndoo. Alisimama. Akamjibu kocha yeye, si mimi: atatangaza. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba siku hiyo yeye atakwenda kwa dada yake Marangu, atarudi jioni. Hataki kusikia. Wala hataki niache.

Nimefurahi. Nimeona aibu kufurahi. Nimefurahi hata hivyo.

Jumatano, 25 Desemba

Ibada, mbuzi, wageni. Mchungaji aliwataja waliotutangulia mwaka huu, Mama akaimba bila kukosea neno. Mezani amepakua sahani moja zaidi, akaitazama, akairudisha kwenye kabati.

Ijumaa, 27 Desemba

Ya jana. Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Mama aliondoka asubuhi na kitenge chake kipya na mkungu wa mshare wa kumpelekea dada yake. Nilimbebea mkungu hadi barabarani. Tuliagana vizuri. Aneth nikamchukua twende wote uwanjani, anishikie waya, maana hukatika. Nyumba tukaifunga. Nasisitiza hili: nyumba ilikuwa imefungwa, haikuwa na mtu.

Uwanja ulijaa mpaka kwenye miteremko. Meza ileile ya Gody, na mguu mmoja umekatwa ili isimame sawa kwenye mteremko. Alikata yeye. Madam alikuwa amekaa kwenye benchi la wazee na mwavuli, hana hata kalamu. Jenereta likawaka. Nikashika maiki, nikasema shikamooni wazee wetu.

Watu walitulia. Naweza kusema kama maji. Mama mmoja mbele yangu aliweka mkono mdomoni. Wachezaji wa kwetu waliokuwa wanapasha misuli wakasimama, wote, wakageukia mezani. Na mimi nilitaka kukimbia. Lakini nikajiambia nyumbani hakuna mtu. Yule mmoja ambaye hatakiwi kusikia hayupo. Nikaiachia.

Sina namna ya kueleza mechi. Niliwajua wote. Nilimjua kipa na baba yake, na ng'ombe wao aliyeingia kanisani siku ya kipaimara. Nilimtaja, watu wakaangua kicheko, na ilikuwa raha, raha mbaya, ya mtu anayeendesha gari la mwingine. Sikuwa natafuta maneno. Yalikuwa yameshakaa mdomoni yananisubiri. Wageni wakafunga. Tukarudisha. Wenyeji wakaanza kupiga vigelegele tena.

Kisha, mechi inakaribia kwisha, mpira umetoka, mtu ameufuata migombani. Uwanja umetulia, nikawa na nafasi. Na nikasema.

"Mama, bandika ndizi, tumebakiza dakika kumi."

Nikanyamaza na mdomo wazi. Nasubiri.

Hakuna aliyeitikia. Watu wote wale, hakuna. Refa alikuwa na filimbi mdomoni, hakuipuliza. Aneth aliachia waya. Niliona wanawake wamejifunika vitenge, wazee wanatazama chini, Madam ameinuka kwenye benchi. Nilisikia spika inavuma bure. Nilitaka ardhi ipasuke.

Halafu mtu mmoja upande wa kona akanyoosha mkono juu. Wengine wakageuka. Na mimi nikageuka.

Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwetu.

Mweupe, mzito, wa kuni mbichi, unapanda juu ya migomba. Nyumba niliifunga mwenyewe. Aneth alikuwa pembeni yangu, na kucha zake zilikuwa mkononi mwangu. Sitaandika nilichowaza. Nilichowaza kila mtu uwanjani alikiwaza.

Mpira ukarudishwa. Refa akapuliza. Nikamaliza kutangaza, watu wanasema nilimaliza vizuri, mimi sikumbuki. Filimbi ya mwisho ilipolia nilikuwa nimeshaanza kupanda. Nilipita kaburini bila kutazama. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Alikuwa Mama. Amenipa mgongo, amechuchumaa mbele ya mafiga, kitenge kipya kimejaa majivu. Sufuria kubwa iko motoni. Mkungu wa dada yake uko chini, nusu umemenywa.

Hakugeuka. Alichomeka kisu kwenye ndizi, akasema:

"Umechelewa kusema. Bado ngumu."

Sauti ya kawaida kabisa. Ile ya kugomba kidogo, ya kila Jumamosi ya miaka yote. Lakini mimi hakuwahi kunigombeza kwa hilo. Si mimi niliyekuwa nasema.

Nikabaki mlangoni. Sikujua nijibu kama nani. Nikijibu, nitajibu kwa sauti ileile. Nikinyamaza, nimemwacha peke yake na moto. Aneth alikuwa nyuma yangu anahema.

Nikasema, kwa sauti kamili, bila kunong'ona: "Samahani, Mama. Mechi ilikuwa ngumu."

Mabega yake yalishuka. Akakaa hivyo. Kisha akageuka, akanitazama usoni, akanitazama haswa, kuanzia paji hadi kidevu, kama anayehakikisha. Macho yamevimba.

"Elia," akasema. "Kaa. Ule na mdogo wako."

Alikuwa amefika stendi ya Marangu, akakaa kwenye benchi, hakuweza kuendelea. Akarudi na mkungu wake. Alipita njia ya nyuma ya kanisa ili asionekane, akakaa kaburini mpaka mechi ilipokaribia kwisha, kisha akafungua jikoni kwa ufunguo wake. Hayo alimwambia Aneth leo asubuhi. Mimi sikuuliza.

Ndizi zilikuwa ngumu kweli. Tulizila.

Jumapili, 5 Januari

Moshi mjini. Nimerudi hosteli. Hamisi bado yuko Tanga, chumba kimetulia. Kesho naanza redioni. Madam alinitumia ujumbe mfupi tu, kwamba nifike mapema na nisinong'one.

Nimefungua mfuko aliofunga Mama. Maparachichi, mshare, chupa ya maziwa. Chini kabisa, ndani ya gazeti, isale. Nilidhani ni ile yangu. Si ile. Hii ni mbichi, imekatwa jana au leo, na fundo limefungwa kwa mkono wa kushoto. Mama ni wa kushoto.

Mzazi hampelekei mtoto isale. Sijawahi kusikia. Nimeishika muda mrefu, kisha nimeiweka dirishani.

Simu ikaita wakati nawasha taa ya meza. Namba ya nyumbani. Nikasema haloo Aneth. Kimya. Nikasikia mtu anapumua, na nyuma yake ng'ombe, na kuku.

Nikasema shikamoo Mama.

Hakuna kilichoanguka. Baada ya muda akasema marahaba. Akauliza kama huku mvua inanyesha. Nikamwambia ilinyesha asubuhi, sasa imekata. Nikadhani ataaga. Hakuaga, na hakusema kitu. Alikuwa anasubiri.

Basi nikasogea dirishani. Nikamwambia mawingu yameanza kupanda, yameshapita msitu, yanakwenda, yanakwenda, kulia pamebaki kipande kidogo cha barafu. Nikamwambia kuna watoto wanacheza mpira nyuma ya hosteli, wawili kwa watatu, na wale wawili ndio wanaoongoza. Sikupunguza sauti. Nilisikia pumzi yake inatulia upande wa pili, na sikuuliza alikuwa anamsikiliza nani.

Niliponyamaza akasema, "Endelea."